Je, wajua kwa nini handibreki ya Land Rover ya zamani haishiki matairi?

Egesha pikapu ya Land Rover 109 kwenye mteremko, vuta handibreki, kisha achia breki ya mguu. Gari litajongea kidogo ndipo litulie. Wengi hudhani breki zimekwisha, kumbe ndivyo lilivyoundwa. Tangu Land Rover ya kwanza ya 1948 hadi Defender za mwisho za 2016, dramu ya handibreki imekaa nyuma ya transfa, lile boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Inachokamata ni propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu matairi mawili kuzunguka tofauti. Ule mjongeo ni uwazi uliopo kati ya meno ya difu na kwenye krosi, viungo vya propela.

Dramu moja inawezaje kuzuia gari zito hivyo? Difu ya Series, yaani Land Rover za zamani kama hiyo 109, ina uwiano wa 4.7, maana yake propela huzunguka karibu mara tano tairi likizunguka mara moja. Ukiizuia propela, nguvu ya breki hufika kwenye matairi ikiwa imezidishwa kiasi hichohicho.

Ila difu hiyohiyo huua. Ukipiga jeki tairi moja la nyuma, lililo hewani linaweza kuzunguka kinyume na lililo chini likabiringika, hata kama propela imekamatwa barabara. Gari hutoka kwenye jeki fundi akiwa chini yake. Tafadhali, weka mawe kwenye matairi mengine kwanza. Utingo anayeshuka na jiwe mkononi anajua anachofanya.

Handibreki ikikataa kushika, usikimbilie kukaza adjasta. Fungua propela, vua dramu, utazame ndani. Mara nyingi utakuta oili: sili ya nyuma ya transfa, ule mpira unaozuia oili isivuje, imechoka na breki shuu zimelowa. Shuu zilizokunywa oili usizioshe kwa petroli ukazirudisha, maana joto litaitoa tena. Badilisha sili kwanza, shuu baadaye. Pitisha kidole kwenye flanji, kile kipande cha transfa kinachofungwa propela, pale sili inapokaa. Ikiwa na mfereji, sili mpya nayo itavuja. Pima pia oili ya transfa, kwani ya gia boksi kuu huweza kupenya humo na kuijaza kupita kiasi.

Ukisharudisha dramu, kaza adjasta mpaka shuu ziiguse, kisha legeza adjasta kidogo ili dramu izunguke bila kukwaruza.