Dhana potofu kuhusu vikosi vinavyokutana kwenye dharura moja

Polisi, zimamoto na ambulensi wanapoitwa kwenye tukio moja, wengi wetu hutazama saa: nani amefika haraka, nani amechelewa. Haraka ni muhimu. Lakini ukisoma taarifa za uchunguzi wa maafa makubwa, utakuta watu wamekufa kwa sababu kikosi kimoja kilijua jambo ambalo kikosi jirani hakikulijua.

"Anayeongoza ni mwenye cheo kikubwa"

Sivyo. Katika mfumo wa usimamizi wa matukio unaotumika Marekani, ambao nchi nyingi zimeufuata, afisa wa kwanza kufika ndiye kamanda wa tukio, hata awe na cheo kidogo. Mkubwa wake akifika hachukui uongozi kwa kushuka tu kwenye gari. Anaelezwa kwanza hali ilivyo, kilichokwisha kufanyika, nani yuko wapi na hatari ipi imebaki. Ndipo makabidhiano yanatangazwa, ili asiwepo mtu anayepokea amri mbili. Akiridhika, anaweza kumwacha yule wa kwanza aendelee.

Mfumo huo ulizaliwa California kufuatia mioto ya misitu ya mwaka 1970, iliyoua watu 16 na kuteketeza majengo yapatayo 700 katika siku 13. Magari na askari walikuwepo. Kilichokosekana ni utaratibu mmoja: kila idara ilikuja na muundo wake wa uongozi, majina yake ya vifaa na masafa yake ya redio.

"Lazima kikosi kimoja kiwatawale wengine"

Hofu hii ndiyo inayowafanya wakuu wa vikosi wavutane wakati watu wanaumia. Tukio likigusa mamlaka kadhaa, huundwa uongozi wa pamoja: wakuu wanakaa sehemu moja, wanakubaliana malengo na kutoa mpango mmoja. Polisi anabaki na madaraka yake ya kisheria, na daktari hapangiwi tiba na askari. Chini yao, kila msimamizi huwa na watu wachache wa kuwaongoza, kwa kawaida watano hivi.

"Tungekuwa na redio za kisasa, tatizo lingekwisha"

Dhana hii inapendwa kwa sababu redio zinanunulika. Kweli, vifaa vibovu vinaua. New York, Septemba 11, 2001, magaidi walipoigonga kwa ndege minara miwili ya World Trade Center, mawasiliano ya redio ya zimamoto ndani yake yalisumbua sana. Hata hivyo, baada ya mnara wa kwanza kuanguka, marubani wa helikopta za polisi waliona wa pili unaelekea kuporomoka, wakaonya kupitia redio zao. Redio hizo zilifanya kazi. Ila onyo halikuwa na njia ya kuwafikia zimamoto waliokuwa ndani, kwani wakuu wa vikosi hivyo viwili hawakuwa wakiongoza kutoka kituo kimoja. Zimamoto 343 walikufa siku hiyo.

Manchester, Mei 2017, ni funzo chungu zaidi, maana Uingereza ilikuwa tayari na mwongozo wa vikosi kufanya kazi pamoja. Bomu lililipuka watu wakitoka kwenye tamasha la muziki, likaua watu 22. Afisa wa zamu wa polisi alitangaza utaratibu wa shambulio la kigaidi linaloendelea, lakini zimamoto na ambulensi hawakuambiwa. Zimamoto, wakihofia washambuliaji wenye bunduki, walikusanyika mbali, na wakafika eneo la tukio zaidi ya saa mbili baada ya mlipuko. Mwongozo ulitaka makamanda wakutane ana kwa ana mapema. Hawakukutana. Mazoezi ya pamoja, mtu na mwenzake wa kikosi kingine, hayanunuliki dukani, na kwa maoni yangu ndiyo matumizi ya kwanza kukatwa bajeti inapobana.

"Kila mwenye uwezo aende akasaidie"

Majirani na wapita njia huokoa wengi dakika za mwanzo, na wanastahili shukrani. Kwa vikosi ni tofauti: anayekuja bila kutumwa wala kuandikishwa hajulikani yuko wapi jengo likianguka. Kwa hiyo hutengwa eneo la kusubiria, na ndipo watu wanapangiwa kazi.

"Hospitali inaingia kazini ambulensi ikifika"

Tokyo, Machi 20, 1995, gesi ya sarini ilipoachiliwa kwenye treni za chini ya ardhi, waathirika wengi hawakusubiri ambulensi. Walikwenda wenyewe, kwa miguu, kwa teksi na kwa magari ya watu. Hospitali ya St. Luke's pekee ilipokea watu 640 siku hiyo, na wahudumu wake wengi walipata dalili za sumu kutokana na nguo za wagonjwa ambao hawakuwa wamesafishwa. Polisi walipothibitisha kuwa ile ni sarini, saa kama tatu baadaye, madaktari wa hospitali hiyo walizipata habari hizo kwenye televisheni.