Mdhibiti wa nyuklia asiyeweza kupiga hesabu zake hayuko huru

Nchi ikishaamua kujenga kituo cha umeme wa nyuklia, swali la kwanza ninaloulizwa na wanasheria wake ni hili: mdhibiti, yaani chombo cha kusimamia usalama wake, awekwe chini ya nani? Wizara ya nishati, ofisi ya waziri mkuu, au Bunge? Ni swali la msingi na jibu lake si gumu. Awekwe popote, mradi si chini ya wale wanaoutaka mradi wenyewe. Shida ni kwamba swali hilo humaliza nguvu za watu wote. Sheria ikishapita na bodi ikishaapishwa, wanaona kazi imekwisha. Nimekaa miaka mingi upande wa udhibiti, nikisoma maombi ya leseni na kukagua mitambo, na ninaamini kazi huwa bado haijaanza. Mdhibiti anayetegemea hesabu za mwenye mtambo ili ajue kama mtambo uko salama amefungwa mikono, hata kama sheria imemwita huru katika kila kifungu.

Tuanze na sheria hata hivyo, maana bila hiyo hakuna pa kusimama. Mkataba wa Usalama wa Nyuklia ulipitishwa mwaka 1994 na ukaanza kutumika 1996. Kifungu chake cha 8 kinaitaka kila nchi mwanachama iwe na chombo cha udhibiti chenye mamlaka, ujuzi, fedha na watu wa kutosha, na kazi zake zitenganishwe na za wale wanaoendeleza au kutumia nishati ya nyuklia. Ujuzi na mamlaka vimewekwa bega kwa bega katika kifungu kimoja, ingawa wengi wanaokinukuu huishia kwenye utengano. Kifungu kinachofuata, cha 9, kinasema jukumu la kwanza la usalama ni la mwenye leseni. Mdhibiti haendeshi mtambo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayeuendesha anastahili kuaminiwa, na kumsimamisha asipostahili.

Marekani ilijifunza jambo la utengano kwa vitendo. Tume yake ya Nishati ya Atomiki ilikuwa ikihamasisha ujenzi wa vinu, yaani mitambo inayozalisha joto la nyuklia, na papo hapo ikivipa leseni, yaani kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani. Mwaka 1974 Bunge la nchi hiyo liliivunja, na Januari 19, 1975 ikaanza kazi Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, ambayo dunia nzima inaijua kama NRC. Ilipewa makamishna watano wenye vipindi vya miaka mitano, na chama kimoja cha siasa hakiruhusiwi kuwa na zaidi ya watatu. Ni mpango mzuri kwenye karatasi, na kwa miongo mingi nchi nyingine zimekuwa zikiuiga.

Japani haikufanya hivyo mapema. Mdhibiti wake wa zamani, NISA, aliundwa mwaka 2001 ndani ya Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda, wizara ileile iliyokuwa ikiusukuma umeme wa nyuklia. Wengi wanaoisimulia Fukushima, kituo cha nyuklia cha Japani kilichopigwa na tsunami Machi 2011, huishia hapo: mdhibiti hakuwa huru, basi ajali ikatokea. Ni kweli, lakini ni nusu ya maelezo.

Mwaka 2008 kampuni ya umeme ya TEPCO, mwenye kituo hicho, ilifanya hesabu zake za ndani na kupata kwamba tsunami inaweza kufikia mita 15.7 katika kituo cha Fukushima Daiichi. Uwanja wa vinu vinne vya kwanza ulikuwa mita 10 juu ya usawa wa bahari. Hesabu hiyo ilifika mezani kwa NISA Machi 7, 2011, siku nne kabla ya mawimbi. Na si kwamba hapakuwa na dalili nyingine. Juni 2009 mtaalamu wa jiolojia Yukinobu Okamura aliuliza, katika jopo la wataalamu lililoitishwa na NISA yenyewe, kwa nini tsunami ya Jogan, iliyopiga pwani ya eneo lile mwaka 869, haikuzingatiwa. Maarifa yaliingia hadi ndani ya chumba cha mikutano cha mdhibiti. Kilichokosekana ni mtumishi wa mdhibiti mwenye uwezo wa kuyachukua, kupiga hesabu zake mwenyewe, kisha kumwambia mwenye leseni: mimi nimepata hii, wewe nionyeshe yako kabla ya mwezi ujao. Tume ya uchunguzi ya Bunge la Japani, chini ya Kiyoshi Kurokawa, ilitoa ripoti Julai 2012 ikisema ajali ile ilisababishwa na binadamu, na ikaeleza jinsi wadhibiti walivyozidiwa ujuzi na kampuni waliyopaswa kuisimamia. Ninawaomba wanaotunga sheria mpya za udhibiti waisome sehemu hiyo kwa makini kuliko zote. Kuihamishia NISA wizara nyingine kungeondoa shinikizo la wakubwa. Kusingeipa mtu wa kuipigia hesabu za tsunami.

Mfano unaoniuma zaidi umetoka kwa mdhibiti aliyekuwa na uhuru wote wa kisheria. Mwaka 2001 mitambo kadhaa ya Marekani iligundulika kuwa na nyufa kwenye mirija inayopitisha fito za udhibiti, zile za kupunguza au kuzima nguvu ya kinu, katika kifuniko chake. NRC iliitaka mitambo iliyo katika hatari zaidi ikaguliwe kabla ya Desemba 31 mwaka huo. Kituo cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, kiliomba kisubiri hadi kizime kwa ajili ya kubadilisha fueli. Wataalamu wa NRC walikuwa wameshaandaa amri ya kukizima. Haikutolewa. Wakakubaliana kiendelee hadi Februari 16, 2002.

Kilipozimwa na mafundi wakaanza kutengeneza mrija mmoja, ukakutwa umelegea. Asidi ya boriki iliyokuwa ikivuja kutoka kwenye maji ya kinu ilikuwa imekula chuma cha kifuniko, unene wa sentimita kama 16, tundu zima kwenda chini. Kilichobaki kuyazuia maji yenye shinikizo kubwa ni utando wa ndani wa chuma kisichoshika kutu, wenye unene wa chini kidogo ya sentimita moja, ambao haukuwekwa pale kubeba shinikizo hata kidogo. Ulikuwa umeanza kubenuka. Picha zilizopigwa kwenye kituo hicho mwaka 2000 zilionyesha michirizi myekundu ya kutu ikishuka juu ya kifuniko. Mkaguzi Mkuu wa ndani wa NRC aliandika Desemba 2002 kwamba uamuzi wa kusogeza tarehe ulichangiwa kwa kiasi kikubwa na nia ya kumpunguzia mwenye mtambo hasara ya fedha.

Hakuna waziri aliyepiga simu. Makamishna watano walikuwepo, sheria ilikuwepo, bajeti ilikuwepo. Kwa namna ninavyoisoma kesi hii, waliokuwa mezani hawakuwa na uhakika wa kutosha juu ya kinachotokea chini ya ile asidi iliyoganda, na mtu asiye na uhakika akiambiwa kwamba kuzima kutagharimu mamilioni, anaanza kutafuta tarehe ya katikati. Anayejua kutu ya asidi ya boriki inakula chuma cha kawaida kwa kasi gani hatafuti tarehe ya katikati.

Sasa ujuzi wenyewe unaonekanaje kazini? Haumaanishi mdhibiti arudie kila hesabu. Maombi ya leseni ya kinu kikubwa yana maelfu ya kurasa, na hakuna ofisi inayoweza kuyakokotoa yote upya. Unachagua pale penye uzito. Chukua ajali ya bomba kubwa la kupoozea kukatika. Kanuni za Marekani zinataka joto la ganda la chuma linalofunika fueli lisivuke nyuzi 1,204 za Selsiasi. Mwombaji analeta namba iliyo chini ya kikomo, na mkaguzi asiye na modeli yake ya kompyuta ya kuigiza ajali hiyo anaona iko chini, anapiga tiki. Mwenye modeli anauliza: umechukulia pampu ya dharura inaanza baada ya sekunde ngapi? Ukiongeza ucheleweshaji kidogo namba inakwenda wapi? Ikiruka ghafla, hapo pana jambo, hata kama namba ya mwanzo ilikuwa ndani ya kikomo. Maswali ya namna hii hayatoki kwenye orodha ya ukaguzi. Yanatoka kwa mtu aliyekaa na modeli hadi akajua inakwenda kombo wapi.

Kwenye eneo la ujenzi ni hivyohivyo. Mkaguzi mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akipitia picha za eksirei za mishono ya kulehemu, kazi inayochosha macho na ambayo wengi huifanya harakaharaka. Alichukua filamu mbili za mishono tofauti ya bomba, akazilaza moja juu ya nyingine kwenye meza ya taa. Vitundu vyote vya hewa vikaangukia mahali pamoja. Mishono miwili haiwezi kufanana hivyo. Filamu moja ilikuwa nakala ya nyingine. Hakutumia mamlaka ya kisheria kuligundua hilo. Alitumia macho yaliyozoea filamu. Mamlaka yalihitajika saa iliyofuata, kusimamisha kazi.

Ukaguzi peke yake nao hautoshi. Mei 2013 mdhibiti wa Korea Kusini aliamuru vinu vya Shin-Kori 2 na Shin-Wolsong 1 vizimwe, kwa sababu nyaya za mfumo wa usalama zilifungwa kwa vyeti vya majaribio vilivyoghushiwa. Habari ilimfikia kwa mtoa taarifa asiyejitaja jina. Njia ya kupokea taarifa za namna hiyo, na kumlinda anayezitoa, iandikwe kwenye sheria tangu mwanzo.

Kuhusu muda, nchi nyingi hujidanganya. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, husema kutoka wazo la kwanza hadi kinu cha kwanza kuwasha ni miaka 10 hadi 15. Mhandisi anayetoka chuoni hawezi kuwa mkaguzi wa kuaminika kwa semina za wiki mbili. Anahitaji miaka, na sehemu ya miaka hiyo aipitishe ndani ya ofisi ya mdhibiti wa nchi nyingine, akishiriki ukaguzi halisi wa mtambo unaofanya kazi. Falme za Kiarabu zilichukua njia ya kununua muda. Sheria iliyounda mdhibiti wao, FANR, ilitoka mwaka 2009, kabla mkataba wa vinu vya Barakah haujasainiwa na Wakorea Desemba mwaka huo. Mkurugenzi mkuu wa kwanza alikuwa William Travers, aliyewahi kuwa mkuu wa watendaji wa NRC. Wakaajiri wageni wengi wenye uzoefu huku wakiwafunza raia wao. Kinu cha kwanza kilikuwa kimepangiwa kuanza 2017, lakini leseni ya kukiendesha ilitoka Februari 2020. Binafsi ninauona ucheleweshaji huo kuwa dalili njema. Wageni si kosa, mradi anayesaini uamuzi ni mdhibiti mwenyewe na anaelewa anachosaini.

Na uzoefu wa miaka mingi haumwondolei mtu kazi. Finland ina mdhibiti mkongwe, STUK. Ujenzi wa Olkiluoto 3 ulipoanza mwaka 2005, zege la msingi likaonekana lina tundutundu kuliko inavyotakiwa. STUK ilichunguza na mwaka 2006 ikaeleza hadharani jinsi wakandarasi wadogo walivyopewa kazi bila kufahamishwa vizuri masharti ya usalama wa nyuklia. Kinu kile kiliingia kwenye uzalishaji wa kawaida Aprili 2023.

Fedha sina mengi ya kusema. Ada kutoka kwa wenye leseni ni njia ya kawaida na haina ubaya, ilimradi kiwango kinapangwa na sheria na wala si na mazungumzo na anayelipa. Mishahara ndiyo inayotisha zaidi. Kampuni ya umeme ikilipa mara mbili, mkaguzi uliyemlea miaka sita anahamia upande wa pili, na anaondoka na kila alichojifunza kuhusu udhaifu wako. Ulinzi wa viongozi nao si wa kuchukuliwa kirahisi: Juni 2025 Rais wa Marekani alimwondoa kamishna Christopher Hanson wa NRC kabla kipindi chake hakijaisha. Nchi zilizonakili mpango wa makamishna watano zinapaswa kuangalia kama zilinakili pia ulinzi wa kweli au idadi ya viti tu.

Japani, baada ya Fukushima, iliunda mdhibiti mpya, NRA, Septemba 2012, na mwaka 2014 ikaliingiza ndani yake shirika la kitaalamu lililokuwa likiisaidia serikali katika mambo ya usalama wa nyuklia. Nadhani hatua hiyo ya pili ilikuwa na uzito sawa na ya kwanza. Katika kituo cha Tsuruga, kinu namba 2, mwenye mtambo aliomba kukiwasha tena. Wakaguzi wakasoma maelezo ya sampuli za miamba zilizochorongwa chini ya eneo hilo, wakagundua mwaka 2020 kwamba maandishi yamebadilishwa bila maelezo. Novemba 2024 NRA ilikataa rasmi, kwa kuwa haikuweza kuondoa uwezekano wa mpasuko hai wa ardhi, yaani unaoweza kusogea na kuleta tetemeko, chini ya jengo la kinu. Ilikuwa mara ya kwanza kukataa chini ya kanuni mpya.

Kwa hiyo wakinijia wanasheria, nikishawajibu kuhusu wizara, huwarudisha kwenye rasimu ya mkataba wa kununua kinu. Ninaangalia kama muuzaji amebanwa kumpa mdhibiti data za usanifu zinazotosha kujenga modeli yake mwenyewe, na kama wakaguzi wameruhusiwa kuingia kwenye viwanda vya kufua vyuma vya chombo cha kinu, hata vikiwa nchi ya tatu, bila kusubiri kualikwa. Kabla ya kusaini, muuzaji hukubali masharti hayo bila mvutano mkubwa, kwa sababu anautaka mkataba. Baada ya kusaini huziita data hizo siri za biashara, na kila faili huwa na bei yake.