Je, wajua? Mnyanyua vyuma hashindi kwa kupandisha chuma, bali kwa kukiwahi chini

Tazama snachi, mnyanyuo wa mwendo mmoja, kwenye televisheni. Chuma kiko sakafuni, mtu anakivuta, na kufumba na kufumbua kiko juu ya kichwa, mikono imenyooka. Kimefikaje huko? Jibu la wengi, wakiwemo waliokaa jimu miaka, ni kwamba mabega na mikono vimekirusha juu.

Sivyo. Katika snachi nzito chuma hakifiki hata usoni. Hukomea mahali fulani kati ya kitovu na kifua cha mtu aliyesimama wima, kisha huanza kurudi chini. Aliyefanya safari ndefu ni mtu: amechuchumaa hadi matako yamekaribia visigino na kukidaka chuma hukohuko chini kwa mikono iliyonyooka. Kusimama nacho baadaye ni kazi ya miguu.

Simamisha video pale chuma kinapofika kilele chake. Mtu hayuko wima tena. Magoti yamepinda, nyayo zimeachia sakafu au zinateleza kwenda pembeni, kichwa kiko njiani kushuka. Yeye na chuma wanapishana kama watu wawili kwenye ngazi, mmoja akipanda na mwingine akishuka.

Kanuni za mchezo nazo zinaikanusha dhana hiyo. Viwiko vikipokea chuma vikiwa vimepinda, kisha mtu akamalizia kwa kukisukuma mpaka vinyooke, waamuzi huukataa mnyanyuo, hata kama chuma kimetulia juu tuli. Yaani kile ambacho mtazamaji hudhani ndicho mchezo wenyewe, kwa mwamuzi ni kosa.

Haki itendeke, lakini: zamani dhana hiyo ilikuwa sahihi kwa theluthi moja. Hadi Olimpiki ya Munich mwaka 1972 kulikuwa na mnyanyuo wa tatu, ambao chuma kilitolewa mabegani kwa kusukumwa na mikono. Uliondolewa baada ya hapo. Washindani walikuwa wamezidi kujipinda nyuma, na waamuzi hawakujua tena kusukuma kunaishia wapi na ujanja unaanzia wapi. Ikabaki miwili: snachi, na ule wa hatua mbili, ambao chuma hutua kwanza mabegani, kisha hurushwa juu kwa msukumo wa miguu.

Ushahidi mwingine uko kwenye rekodi. Lasha Talakhadze wa Georgia, mjini Tashkent mwaka 2021, alinyanyua kilo 225 kwa snachi na kilo 267 kwa hatua mbili. Mikono ni ileile. Kilo 42 zimetoka wapi? Katika hatua mbili mikono hushika chuma karibu-karibu zaidi, na hilo lina mchango wake, lakini sababu kubwa ni kwamba chuma kinachodakwa mabegani hakihitaji kupanda sana.

Basi mtu anashukaje kwa haraka hivyo? Kujiachia aanguke hakutoshi. Kasi ya juu kabisa ya chuma kizito katika snachi ni kama mita 1.7 hadi 2 kwa sekunde. Chuma chenye kasi hiyo, kikiachwa bila kuguswa, hupanda sentimita 15 hadi 20 tu kisha husimama, muda wote huo ukiwa kama sekunde 0.2. Na mtu anayejiangusha kwa muda huohuo hushuka sentimita zilezile 15 hadi 20. Lakini ana zaidi ya nusu mita ya kushuka. Deni linalobaki hulipwa na mikono.

Fikiria kijana ndani ya mtumbwi, ameshika kamba iliyofungwa kwenye jahazi lililosheheni mbao. Akivuta, nani anasogea? Wote, ila jahazi hujongea kidogo tu na mtumbwi ndio unaokimbia. Mpandishe kijana yuleyule gatini, akite miguu kwenye saruji, avute kamba ileile: sasa jahazi ndilo linalomfuata. Nguvu ya mkono haikubadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho miguu imekanyaga.

Snachi ni hivyohivyo. Nyayo zikiwa zimekita sakafuni, mvuto hupandisha chuma. Zikiachia sakafu, mvuto uleule humshusha mtu, na kwa kuwa kwa kawaida yeye ni mwepesi kuliko chuma, yeye ndiye mtumbwi. Naim Süleymanoğlu wa Uturuki alinyanyua kilo 152.5 kwa snachi huko Seoul mwaka 1988, akiwa daraja la kilo 60. Chuma kilimzidi uzito mara mbili na nusu, kwa hiyo kila alipokivuta akiwa hewani, mwendo wake ulibadilika mara mbili na nusu kuliko wa chuma. Inafurahisha kwamba kadiri chuma kinavyozidi kuwa kizito, ndivyo kinavyokuwa nguzo bora ya kujivutia chini.

Mfano wa mtumbwi una mpaka wake. Wengine huteleza nyayo tu bila kuziinua, na mvuto huo pia hukichelewesha chuma kuanza kushuka. Kwa hiyo kusema mikono haiinui chochote ni kutia chumvi.

Ndiyo maana kocha hupiga kelele "mikono mirefu!" wakati chuma bado kiko chini ya nyonga. Kiwiko kikipinda mapema, miguu inaposukuma hukikuta kimelegea. Nguvu huishia kukifungua kiwiko badala ya kufika kwenye chuma, kama kuvuta gari bovu kwa kamba iliyolegea. Tena mtu aliyekwisha kukunja mikono hana tena mvuto wa kujishushia. Hata hivyo, wapo mabingwa wa dunia waliopinda viwiko mapema na wakashinda, kwa hiyo kocha mwenye busara hulisahihisha kosa hili kwa anayeanza na hulipuuza kwa aliyekwisha kukomaa nalo.

Zoezi la kufundisha kushuka halina mbio. Anza na mpini wa ufagio, kisha chuma kitupu: kilo 15 kwa wanawake, 20 kwa wanaume. Shika kwa upana ambao ukisimama wima chuma kinakaa kwenye mkunjo wa nyonga, kidole gumba kikibanwa ndani ya vidole vingine. Simama, miguu upana wa nyonga, magoti yamenyooka. Usichovye magoti na usikigonge chuma kwa mapaja. Bila mwendo huo chuma hakipati kasi ya kupanda, na mwili unalazimika kushuka. Hamisha nyayo hadi upana wa mabega, peleka viwiko juu na nje huku chuma kikipita karibu na fulana, kisha sukuma viganja kuelekea dari nyayo zinapotua. Marudio 3, seti 4 au 5, kabla miguu haijachoka. Ukiongeza uzito, kilo 5 au 10 zinatosha.

Rekodi kwa simu kutoka ubavuni, kamera ikiwa kimo cha kiuno. Chuma kikiacha fulana na kuchora upinde kwenda mbele, viwiko vimegeuka mapema. Kikimwangukia mnyanyuaji kwa kishindo mikononi, amefika chini kabla yake na kukiachia nafasi ya kuanguka, na hapo viwiko ndivyo vinavyoumia. Sikiliza pia viatu, vyenye kisigino kigumu kilichoinuliwa kama sentimita 2. Mlio wa nyayo ni dalili tu kwamba zimehama. Mwanafunzi anayeruka ili aupate mlio mkubwa zaidi anatumia zile sekunde 0.2 kwenda juu, upande uleule chuma kinakokwenda, na watakaporudi watarudi pamoja, chuma kikiwa juu yake.