Mombo, Lushoto, Mtae kwa baiskeli: pima safari kwa mwinuko

Ukiangalia ramani ya mkoa wa Tanga, Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, na wengi hudhani watamaliza kabla ya chai ya saa nne. Tatizo ni kwamba milima ya Usambara haipimwi kwa kilomita. Mombo iko mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari, Soni karibu 1,200, Lushoto karibu 1,400. Yaani sehemu kubwa ya mlima imebanwa katika nusu ya kwanza ya njia. Ukifika Soni, kazi nzito ya siku hiyo imeisha.

Hesabu ninayoipendekeza ni hii: mtu mwenye mazoezi ya kawaida, baiskeli na mizigo yake vikiwa kilo 30 kwa jumla, hupanda mita 300 hadi 350 kwa saa bila kujimaliza. Mombo hadi Soni basi ni kama saa mbili na nusu za kukanyaga, mapumziko mbali. Ondoka Mombo saa kumi na mbili asubuhi. Pale ni tambarare ya joto, na ikifika saa nne lami nayo inakuchoma kutoka chini. Lita mbili za maji zinatosha kukufikisha Soni, ambako utajaza tena na kula.

Usianzie Segera wala Korogwe kwa sababu tu unataka kusema umetoka mbali. Ile ni barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Mabasi na malori hupishana kwa kasi, na pembeni hakuna nafasi ya kumtosha mwendesha baiskeli mwenye mizigo. Shuka kwenye basi Mombo, funga gurudumu lako, anza kupanda.

Sasa gia, maana hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Gia nyepesi kabisa inayofaa mlima huu ukiwa na mizigo ni ile ambayo meno ya mbele ni machache kuliko ya nyuma. Chukua meno 26 mbele na 36 nyuma, kwa gurudumu la inchi 26: kila mzunguko wa pedeli unakusogeza kama mita moja na nusu. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 5 na nusu kwa saa, polepole lakini bila kuumiza magoti. Ukiwa na 38 mbele na 28 nyuma, mzunguko huohuo ni karibu mita 2.8, kwenye kona kali utalazimika kusimama juu ya pedeli, na mwenye mizigo akisimama keria huyumba na cheni huvutwa vibaya. Badilisha gia kabla mlima haujakukaza. Ukibadilisha huku unakanyaga kwa nguvu zote, cheni hukwama katikati ya meno mawili na pini zake hulegea, kisha hukatika baadaye mahali usipotarajia. Beba kikata cheni na vipande viwili vya cheni ileile.

Kushuka ndiko kunakodharauliwa. Mtu na mizigo yake wakiwa kilo 100, wakishuka mita 800 taratibu, breki hulazimika kumeza joto la kutosha kuchemsha lita mbili za maji ya baridi. Kwa breki za rimu joto hilo lote huingia kwenye rimu, na ukibana mfululizo tyubu huweza kupasuka au kiraka kikaachia. Breki za diski haziunguzi tyubu, lakini pedi zake zikichemka sana hung'aa kama kioo na kupoteza mshiko. Dawa ni moja kwa zote: bana kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, achia, acha upepo upoze, na tumia breki zote mbili. Kila baada ya dakika kumi simama. Kama rimu haigusiki kwa kidole, bado hujapumzika vya kutosha. Pedi zilizobaki na unene chini ya milimita mbili zibadilishe Mombo au Lushoto, si njiani.

Na kona zenyewe: malori ya mboga hushuka yakiwa yamejaa kabichi na viazi, na dereva haoni kilicho mbele mpaka afike. Kaa kushoto kabisa, usikate kona kwa ndani, na ukisikia honi toka barabarani kwanza, salamu baadaye.

Baada ya Lushoto (Wajerumani waliuita Wilhelmstal) mambo hubadilika. Kupanda hadi Magamba ni kilomita saba au nane, na kuna baridi hata mchana. Juni na Julai utahitaji koti na glavu za vidole vizima asubuhi. Ukipenda kuingia njia za ndani ya msitu wa hifadhi ya Magamba, lipia kiingilio na uchukue mwongozaji. Mbega weusi kwa weupe utawaona juu ya miti ukitulia. Kuna pia Irente, kilomita tano au sita kutoka mjini, ambako ukingo wa mlima unakatika ghafla na Mazinde unaiona miguuni pako. Naiona inafaa sana kwa siku ya kupumzisha miguu, na mkate na jibini za shamba la pale ni chakula kizuri cha kubeba.

Safari yenyewe kwa maoni yangu ni Lushoto hadi Mtae, kilomita 60 na kitu, kupitia Lukozi na Sunga. Barabara hupanda na kushuka bila kukoma, hivyo jumla ya mwinuko huweza kupita mita 1,000 ingawa hakuna mlima mmoja wa kutisha. Sehemu za vumbi hukupunguza kasi hadi kilomita nane au kumi kwa saa. Igawe kwa siku mbili kama miguu haijazoea. Mtae imekaa juu ya ukingo, na siku ya mbingu safi unaona tambarare ya Mkomazi chini na milima ya Upare ng'ambo.

Kwa njia hiyo matairi ya inchi mbili ndiyo kipimo cha chini ninachokubali. Kwenye lami jaza upepo hadi PSI 50 (kipimo cha mgandamizo kwenye pampu), ukiingia vumbi punguza hadi 35 au 40. Ukijaza sana, kila jiwe linakurusha na spoku zinachoka. Ukipunguza mno, tairi hubanwa kati ya jiwe na rimu na tyubu hutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu ya namna hiyo, usitafute mwiba, ongeza upepo. Tyubu za inchi 26 zenye valvu nene utazipata Lushoto. Za valvu nyembamba beba zako, angalau mbili.

Spoku zinazokatika huwa karibu kila mara za gurudumu la nyuma, upande wa gia. Upande huo hukazwa zaidi ili gurudumu likae katikati, na juu yake unaweka mizigo. Beba nne za urefu huohuo, ufunguo wa spoku, na kifaa cha kufungulia gia za nyuma, kwani bila hicho spoku hazikufai kitu. Mizigo mizito ihamishie mbele na chini, theluthi moja hivi. Bolti za keria zikague kila jioni. Barabara ya mawe huzilegeza, na ikidondoka moja ile iliyobaki hukatika.

Masika, Machi hadi Mei, usiende Mtae kwa baiskeli. Udongo mwekundu hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu haligeuki, na maporomoko huweza kufunga barabara. Hata nje ya masika acha nafasi ya sentimita mbili chini ya madigadi, au yang'oe. Vuli huanza Oktoba na si kali kama masika, ila mvua za mchana zipo. Miezi bora ni Juni hadi Septemba, kwa wasioogopa baridi. Januari na Februari pia ni mizuri, na kandokando ya barabara utakuta mapeasi na plamu.

Kurudi si lazima ukanyage. Magari ya abiria hutoka Mtae alfajiri, kwa hiyo pangana na kondakta jioni yake na mkubaliane nauli ya baiskeli kabla baiskeli haijapandishwa juu ya gari. Ilaze upande wa gia ukiwa juu, ondoa pedeli, na ifunge kwa kamba zako mwenyewe. Mtambo wa kuhamisha cheni nyuma ukigandamizwa na gunia la viazi, kipande kinachoushikilia hupinda, na gia hazitaingia sawasawa tena mpaka fundi akinyooshe.