Gasketi ya silinda hedi: yanayosemwa mtaani na yaliyomo ndani ya injini

Fika gereji yoyote ya Dar es Salaam ukiwa na gari linalochemsha, utasikia hukumu kabla boneti haijafunguka vizuri: "Gasketi hiyo imeungua, tushushe hedi." Hedi ni kifuniko cha juu cha injini, na gasketi ni kipande chembamba kinachoziba kati yake na bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Hapa nazungumza na mtu anayetaka kuishusha hedi hiyo mwenyewe, nyumbani, na mifano yangu mingi ni ya injini ya 1NZ-FE kwa sababu ndiyo imejaa barabarani kwetu: Vitz, IST, Probox, Fielder. Kushusha hedi ni kufungua bolti na kupanga vitu vyako vizuri, basi. Wengi hukwama kwa mambo waliyoyaamini kabla hawajashika spana.

"Gari likichemsha, gasketi imekwenda." Mara nyingi mambo huenda kinyume chake. Gari lilianza kuchemsha kwa sababu nyingine, dereva akasema atafika tu, na gasketi ikafa njiani. Hedi ni ya aluminiamu. Ikipata joto kupita kiasi hutaka kutanuka, lakini bolti zimeibana. Ikipoa hubaki imepinda, na gasketi haina tena pa kukaa sawasawa. Ukibadilisha gasketi bila kumtafuta aliyechemsha maji, umejipangia kazi ya pili.

Mtuhumiwa anaweza kuwa mpira wa rejeta uliochanika, feni isiyowaka, pampu ya maji, rejeta iliyoziba, au kitu ambacho watu hukidharau sana: mfuniko wa rejeta. Maji huchemka nyuzi 100 pwani, lakini Nairobi au Mbeya, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima wenye alama ya 1.1 huzuia mgandamizo ndani na kupeleka kiwango hicho hadi karibu nyuzi 120. Springi yake ikichoka, maji yanachemka mapema na injini nzima inalaumiwa.

Kwa hiyo pima kwanza. Kuna kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye chombo juu ya mdomo wa rejeta huku injini ikiunguruma. Kikigeuka njano, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Pima pia mgandamizo wa kila silinda: mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, huenda gasketi imekatika katikati yao. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta nayo ni dalili, ingawa hewa iliyobaki baada ya kujaza maji huweza kukudanganya kwa muda.

"Ukiona oili kama maziwa, hakuna mjadala." Mjadala upo. Gari la safari fupi fupi, hasa kwenye baridi, hupata utando mweupe chini ya mfuniko wa oili kutokana na mvuke tu. Chomoa kijiti cha kupimia: kama oili ya chini ni safi na maji hayapungui, tulia. Na oili safi nayo si cheti cha uzima, maana gasketi inaweza kukatika kati ya silinda na njia ya maji bila kugusa njia ya oili. Ukiona maziwa ya rangi ya waridi kwenye maji ya gari la otomatiki, angalia rejeta kabla ya hedi. Oili ya gia boksi hupozwa ndani ya rejeta, na kizuizi kikitoboka viwili hivyo hukutana.

"Nchi zetu ni za joto, toa tamosteti." Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu hutolewa kama ushauri wa bure na fundi anayeaminika. Tamosteti ya injini kama hizi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kabla ya hapo huzuia maji yasiende rejeta ili injini ifikie joto lake upesi. Bila hiyo, injini hukaa baridi kwa muda mrefu, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, na silinda zinalika. Wengi wanajua sehemu hiyo, wanaikubali kama gharama ndogo.

Wasichojua ni kwamba tamosteti nyingi za Toyota zina sahani mbili. Ya kwanza inapofungua njia ya rejeta, ya pili inafunga njia ya mkato inayorudisha maji moto moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote na sehemu ya maji haipiti kabisa kwenye rejeta. Kwenye mlima, na gari limejaa, unaweza kuchemsha kwa sababu ya kitu ulichokitoa ili usichemshe.

"Maji ya bomba ni yale yale." Siyo. Kulanti, kimiminika maalumu cha kupozea injini, huzuia kutu pamoja na kupandisha nyuzi za kuchemka. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na chumvi hula aluminiamu kuzunguka matundu ya maji ya hedi, pale pale gasketi inapotakiwa kuziba. Dawa za kumimina kwenye rejeta ili kuziba uvujaji, pamoja na mayai na pilipili manga ya kiasili, huziba na mahali pasipotakiwa kuzibwa.

"Hedi ikishuka lazima ichongwe." Lazima ipimwe. Weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kisha jaribu kupitisha filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Kikomo cha injini nyingi za petroli za Toyota ni milimita 0.05, wembamba usiouona kwa jicho, ndiyo maana "nimeiangalia, iko sawa" si kipimo. Ikizidi, peleka kwa fundi wa mashine. Msasa wa mkononi hutengeneza mabonde, na vumbi lake likiingia kwenye oili hula beringi za krankishafti. Kwa dizeli kuna jambo la ziada: gasketi za injini kama 2L na 3L huja kwa unene tofauti, na unene huchaguliwa kwa kupima pistoni imechomoza kiasi gani juu ya bloku.

Bloku nayo ipimwe vivyo hivyo. Watu huisahau kwa kuwa haitoki.

"Paka silikoni ishike zaidi." Gasketi za siku hizi ni tabaka za bati la chuma zilizopakwa utando wake kiwandani, na hukaa kwenye uso mkavu na msafi. Silikoni ya ziada hutoka pembeni, vipande vyake vikaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Mahali inapohitajika ni pachache, kama pembe ambapo kava ya cheni inayoendesha valvu hukutana na hedi na bloku, na kitabu cha gari husema ni tone kiasi gani.

"Kaza mpaka ugote." Bolti hizi hufanya kazi kwa kuvutika. Kwenye 1NZ-FE zipo 10: hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni hadi 29 Nm kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, halafu zinazungushwa nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Weka alama ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti ili usipoteze hesabu. Kufungua ni kinyume, kutoka pembeni kuja katikati, kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa kabisa. Injini yako ikiwa nyingine, tafuta namba zake. Usikope za jirani. Zipo bolti ambazo mtengenezaji huruhusu kuzirudia zikipimwa na kukutwa hazijavutika kupita kikomo. Kama huna kipimo, nunua mpya.

Kabla ya kuzirudisha, kausha matundu yake hadi chini. Maji yakibaki humo, bolti inaposhuka haina pa kuyasukumia, na bloku huweza kupasuka.

"Gasketi halisi itamaliza tatizo la Harrier." Kwa Harrier, Alphard, Kluger na Ipsum za lita 2.4 zenye 2AZ-FE, hasa za miaka ya mwanzo ya 2000, tatizo linalojulikana liko kwenye bloku: meno yanayoshika bolti za hedi, hasa upande wa nyuma unaoelekea kwa dereva, huachia. Ukifungua bolti ikatoka kilegelege, au ikaja na vumbi la aluminiamu kwenye meno yake, hakuna gasketi duniani itakayokusaidia. Matundu yanatobolewa upya na kuwekwa bushi za chuma zenye meno. Kazi hiyo inahitaji kifaa cha kuongoza keke inyooke, na hapo mimi ningemwita mtu aliyewahi kuifanya.

"Ikiwaka, umemaliza." Kabla ya kuwasha, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Cheni ikiwa imeruka meno unaweza kuhisi kitu kimezuia, na ni heri kizuie spana yako kuliko valvu kukutana na pistoni kwa nguvu ya stata. Ukiwasha, fungua hita hadi mwisho, jaza maji hewa inapotoka, ngoja feni iwake na kuzima yenyewe. Oili imwage mapema hata kama umeweka mpya, kwa kuwa hedi inaposhuka maji hudondokea chini kwenye oili.

Na ule usemi wa kurudi kukaza bolti baada ya kilomita 1,000 ulikuwa wa gasketi za zamani. Bolti zilizokazwa kwa kuzungushwa nyuzi 90 namna ile haziguswi tena. Kwenye kilomita hizo, fungua boneti asubuhi injini ikiwa baridi na uangalie kama maji yamepungua.