Akisukumwa Nje ya Besi, ni Auti au Sefu?

Kila mashindano ya shule yakiisha pale uwanja wa besiboli wa Sekondari ya Azania, Upanga, hakosekani mzazi wa kunisubiri pembeni: "Mwalimu, mtoto alishafika kwenye besi, akasukumwa, mbona mkampa auti?" Kazi yangu ni kuwafundisha waamuzi, na jambo hili nimewahi kulivuruga mwenyewe, kwa hiyo ngoja nilijibu hadharani.

Waliocheza rede utotoni wanajua kuwa mpira ukikugusa, umetoka. Kwenye besiboli mkimbiaji ana kimbilio, nalo ni besi, kile kituo kilichowekwa chini uwanjani; akiwa hapo yuko sefu, yaani salama. Akiwa ameikanyaga au kuishika, mlinzi, yaani mchezaji wa timu pinzani, amguse hata mara kumi kwa glavu yenye mpira, hapati kitu. Akibanduka kidogo tu wakati mpira bado uko hai, yaani mchezo haujasimamishwa, akaguswa, ni auti, ametolewa. (Mpigaji anayepitiliza besi ya kwanza kisha akarudi papo hapo ana msamaha wake.)

Hapo ndipo wajanja huona mwanya: si nimsukume tu abanduke? Hapana. Mwongozo wa waamuzi wa ligi kuu ya Marekani unampa mwamuzi mamlaka ya kumrudisha mkimbiaji kwenye besi aliyoondolewa kwa nguvu na mlinzi, iwe kwa makusudi au kwa bahati mbaya, ilimradi bila kusukumwa angekuwa sefu. Kwa hiyo utetezi wa "hakukusudia", ninaousikia kila mara, hausaidii upande wowote. Kinachotafutwa ni nguvu ya nani iliyomtoa.

Na hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Oktoba 1991, mchezo wa pili wa fainali za World Series, Ron Gant wa Atlanta Braves aligeuka kurudi besi ya kwanza. Kent Hrbek wa Minnesota Twins, mtu wa miraba minne, akamgusa kwa mpira, na mguu wa Gant ukanyanyuka kutoka kwenye besi. Wengi waliona Hrbek ameunyanyua kwa mkono. Mwamuzi Drew Coble aliona kasi ya Gant mwenyewe ndiyo iliyompeleka, akatoa auti. Twins wakashinda 3-2, na ubishi haujaisha mpaka leo. Mimi nasimama na Gant, lakini sikuwa nimesimama alipokuwa Coble.

Ndiyo maana wanafunzi wangu nawaambia watazame kiuno kabla ya mkono. Kiuno kikiwa bado kinakwenda upande ule ule aliokimbilia, huyo amejipitiliza. Kikiwa kimetulia, kisha kikaenda kombo baada ya kuguswa, huyo amesukumwa. Wala usikimbilie kusimamisha mchezo. Acha tukio liishe, ndipo umrudishe.

Kosa langu lilikuwa besi ya pili. Mlinzi alimwangukia mkimbiaji kwenye muundi, nami nilikuwa nyuma ya mlinzi, naona mgongo tu. Nikatoa auti. Vumbi lilipotulia nikaona alama ya soli juu ya besi imeburuzwa kwa ubavu, si kwenda mbele.

Hukumu ya macho namna ile haikatiwi rufaa. Kocha anaruhusiwa tu kuniomba, kwa adabu, nimuulize mwenzangu aliyeona vizuri zaidi. Mwenzangu alikuwa besi ya kwanza, ameona kila kitu. Kocha alikuwa anapiga kelele, hakuomba. Nami sikuuliza.