Sauti ya mwalimu kazini: dhana potofu na ukweli wa vipimo

Dhana: Mwalimu anayekaukiwa sauti hajui kuitumia.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana inambebesha mtu mmoja lawama za darasa zima. Utafiti uliotoka mwaka 2004 katika majimbo ya Iowa na Utah, Marekani, uliwalinganisha walimu 1,243 na watu 1,288 wasio walimu. Walimu waliokuwa na tatizo la sauti wakati huo walikuwa asilimia 11. Wasio walimu, asilimia 6.2. Kelele ikipanda, mtu hupaza sauti hata bila kukusudia, jambo ambalo daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza tangu mwaka 1911. Mwenye watoto themanini chini ya bati, mvua ikinyesha, atafanyaje?

Dhana: Kupima sauti ni kumsikiliza mwalimu kwa siri.

Watafiti wanapopima sauti ya mwalimu kazini, kihisi kidogo hubandikwa kwenye ngozi ya shingo, chini kidogo ya zoloto (sehemu ya koo inayotoa sauti), na waya hushuka hadi kwenye kisanduku kiunoni. Kinachosomwa ni mtikisiko wa ngozi. Kwa kawaida zinazohifadhiwa ni namba tu: muda wa kuongea, ukubwa wa sauti, kasi ya mtikisiko. Makelele ya wanafunzi nayo hayaingii sana kwenye hesabu.

Dhana: Kinachoumiza ni kufoka tu.

Mwanamke akiongea kawaida, nyuzi zake za sauti hugongana kama mara 200 kwa sekunde. Mwanamume, 120 hivi. Vipimo vya watafiti wa sauti kina Ingo Titze na Eric Hunter nchini Marekani vilionyesha kuwa walimu hutoa sauti karibu asilimia 30 ya muda wa kazi. Piga hesabu ya saa sita za shule: mwalimu wa kike anarudi nyumbani nyuzi zake zimegongana zaidi ya mara milioni moja, hata kama hakumfokea mtoto yeyote. Halafu kuna wa nyumbani wanaomsubiri aongee nao.

Dhana: Maji na tangawizi vinatosha.

Kunywa maji ni vizuri, ila hayapiti juu ya nyuzi za sauti, yangepita, ungepaliwa. Katika jaribio la Utah la mwaka 2002, walimu waliopewa kipaza sauti cha kuvaa walipata nafuu ya wazi, ambayo haikuonekana kwa waliofundishwa kutunza sauti tu. Poland imeyaweka magonjwa sugu ya sauti kwenye orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi. Mkuu wa shule anayetafuta pa kuanzia aanze na dari chini ya mabati, ili kelele ipungue.